Kiti Alichokizunguka Karani

Dada wa chumba cha picha, katika hospitali ya wanyama, aliniambia nivue kila kitu cha chuma kabla ya kuingia. Nikatoa pini za nywele, miwani na funguo za nyumba. Pete ndiyo iligoma. Dada yule hakunivuta kidole. Alileta maji ya uvuguvugu na sabuni, akasugua taratibu mpaka ikatoka, akaifunga kwenye leso yake mwenyewe na kumpa mjukuu wangu.

"Mke mwenzangu, leo umeniachia bwana mzimamzima," mjukuu akasema. Ananiita hivyo tangu utotoni, maana babu yake alikuwa mume wetu sote wawili.

"Mshike vizuri, huyo huteleza," nikamjibu. Tukacheka kidogo. Babu yake alikuwa na miezi minane kaburini.

Karani, mbwa wetu, alikuwa machelani, ameshachomwa nusukaputi. Jina alipewa na marehemu, kwa sababu alimfuata chumba hadi chumba kama karani anayemkimbilia bosi na mafaili. Jioni mzee akifunga mlango alimwambia, "Karani, tufunge ofisi," naye analala.

Walikubali nimsindikize hadi mezani. Mashine ilikuwa sumaku kubwa yenye tundu katikati, ya kupiga picha ubongo. Mimi niliomba jambo moja tu: yawe masikio. Daktari alikuwa ametuambia kwamba masikio yakiugua ndani, mbwa huweza kuzunguka, na masikio yana dawa.

Maana Karani alikuwa anazunguka. Mwezi mmoja tu baada ya mazishi alianza kukizunguka kiti cha mzee, siku zote kwa upande wa kushoto, mpaka zulia likachakaa duara. Akichoka, anakwenda chumbani, anabandika paji la uso ukutani upande aliokuwa akilala mzee, anasimama hivyo hivyo. Sikuuliza mtu. Nilijua anamtafuta. Nilikuwa nakaa sakafuni kando yake namwambia, "Hata mimi, Karani."

Wageni wakija niliwaonyesha. "Tazameni, hata mbwa anamlilia." Walifuta machozi. Mjukuu wangu peke yake ndiye aliyesema tumpeleke kwa daktari.

"Akamchome sindano ya msiba?" nilimkatalia. "Mwacheni amlilie bwana wake."

Wiki iliyotangulia Karani akaanguka kifafa mara tatu, ndipo tukaja.

Tulisubiri nje. Mashine iligonga kama fundi bati, ikanyamaza, ikagonga tena. Mjukuu alikuwa ameivaa pete kwenye kidole gumba ili isipotee. Kisha daktari akatuita. Alivuta kigoda, akakaa chini kuliko mimi, akanionyesha picha.

"Huu ni ubongo, Bibi. Pande mbili, kama karanga iliyomenywa. Sasa tazama huku kushoto."

Kushoto kulikuwa na doa jeupe, kubwa kama zabibu. Halikuwa sikioni.

"Ni uvimbe. Ulianza kumwona anazunguka lini?"

"Miezi saba."

Akaiandika, kisha akaitazama tena picha.

"Ningemleta wakati ule?"

"Uvimbe ungekuwa mdogo. Pengine tungeupasua. Pengine, Bibi. Pengine." Alilirudia neno hilo mara tatu ili nipate pa kushika. Sikupata.

"Na ukuta?"

"Ni uvimbe huohuo. Kichwa kikibanwa hivyo, mbwa husukuma ukuta."

"Kwa hiyo hakuwa anamtafuta mtu?"

Daktari alimtazama mjukuu wangu, kisha mikono yake mwenyewe. "Hilo, picha haiwezi kutuambia," akasema. Alinihurumia. Mimi nilikuwa nimeshaona.

Akaeleza kwamba akiamka, kifafa kitarudi, leo au kesho, kikali zaidi, na dawa zitamsaidia siku chache tu. Au tusimwamshe. Alisema niamue bila haraka.

"Msimwamshe," nikasema.

Mjukuu alinishika bega. Hakuniambia kwamba alinionya. Hajaniambia mpaka leo.

Dada yule alikuwa amemfunika Karani blanketi lililopashwa moto. Nikamwinamia sikioni. "Karani, tufunge ofisi." Sikio halikutikisika, na sikutegemea litikisike. Daktari akasukuma dawa, akaweka kipimo kifuani, akasikiliza kwa muda mrefu, akatikisa kichwa.

Nyumbani mjukuu alitaka kulikunja zulia lile. Nikamwambia aliache. Nilikaa kwenye kiti, lile duara limenizunguka pande zote. Miezi saba nilijua tuko wawili tunaomlilia mzee humu ndani. Mwenzangu alikuwa anaumwa, anazunguka, nami ninawaita watu waje kumtazama.

Mjukuu akanirudishia pete. Sasa iliingia bila sabuni.