Chonge la Kwenye Chupa

Kwa miaka kumi na sita Orest Hnatiuk alilionyesha pengo lake kama nishani. Mji wao mdogo wa Saskatchewan, huko Kanada, wote uliijua hadithi: fainali ya magongo barafuni, gongo la Taras likapaa, chonge la Orest likaruka na damu. Jino lilihifadhiwa kwenye chupa, juu ya kaunta ya kantini ya uwanja. Kila anayenunua supu, lazima alisalimie.

Kwa majuto, tangu siku hiyo Taras hakuvaa tena viatu vya kutelezea. Beki yule wa kuogopwa akaishia kuchemsha supu kantini, na Orest, rafikiye wa tangu utotoni, hakuacha kumchokoza: "Muuaji wa meno, niongeze mkate!"

Sasa taya la Orest lilikuwa limevimba. Akaenda mji mkubwa kupigwa picha ya eksirei, roho mkononi.

"Si saratani," daktari wa meno alimwambia. "Ni uvimbe tu, tutautoa. Umejaa vijino."

"Vijino?"

"Kama ishirini hivi, mithili ya punje za mchele. Vimelizibia njia chonge lako la ukubwani. Lione, limelala hapa chini."

"Chonge langu liko kwenye chupa, mama!"

Daktari akaitazama picha, akamtazama yeye. "Basi hilo la chupani ni jino la utoto. Lilikuwa bado halijang'oka."

Njia nzima Orest alilamba pengo. Jino limepotea, halijapotea. Lakini damu aliiona! Taras ana kosa au hana? Na akinyamaza, nani atajua?

Alipofika kantini mdomo ukamtangulia, akayamwaga yote.

Taras akafuta mikono, akaifungua chupa, akaliweka jino kiganjani. Lilikuwa dogo mno. Watu wamelisalimia miaka yote hiyo, asitokee hata mmoja wa kulitazama.

"Nimeacha kucheza," alisema polepole, "kwa ajili ya jino la chekechea?"

"Lakini liliuma, bwana wee!"

Taras hakucheka. Aliingia stoo, vitu vikaanguka huko, akatoka na viatu vya kutelezea vilivyopauka kwa vumbi.

"Jumamosi nacheza."

"Upande wetu?"

"Upande mwingine. Na hilo chonge lililojificha, liambie lisitoke."

Orest alisimama na bakuli la supu, asijue kama amesamehewa au ametishwa. Akatabasamu hata hivyo, mdomo umefungwa.