Bata Wasio na Kibali

Njia ya bwawani ilipita hapa, nyuma ya choo changu. Nakumbuka asubuhi walipoifunga, nakumbuka hata shati la meneja wa shamba lilivyopigwa pasi. Alisema uzio ni wa muda tu. Mtoto aliyezaliwa wiki ile sasa ananyoa ndevu, na sisi bado tunazunguka kilima kufuata maji.

Bata mwitu hakuwa na habari na uzio. Alitaga kwenye lundo langu la mabua, na Jumamosi vifaranga wakatoka, manjano kwa kahawia, hawatulii. Mama yao akaruka juu ya seng'enge, akatua upande wa bwawa, akaanza kuwaita. Wakaukimbilia wavu wa uzio wakakwama, midomo imepenya, miili imebaki. Juu, mwewe alikuwa anazunguka.

"Usisimame tu, Kipaza!" mke wangu akafoka. Jina hilo nimelipata mikutanoni, kwa kudai njia ifunguliwe. "Kila siku makelele. Leo yafanye kazi!"

Nikakimbilia lango la shamba. Mlinzi ni kaka yake mke wangu, mtu mwema aliyeharibiwa na sare.

"Fungua, shemeji."

"Wewe tena? Kutoka upande wenu hapiti mtu bila kibali."

"Sipiti mimi. Wanapita wale."

Akageuka. Mke wangu alikuwa anakuja kando ya wavu, ufagio mkononi, akiwasogeza vifaranga polepole kama anayekusanya unga uliomwagika. Mama bata alifuatana nao upande wa pili, akilalamika njia nzima.

"Hao wana kibali?" shemeji akauliza, lakini mdomo ulishaanza kumcheza.

"Waulize mwenyewe."

"Meneja atanimaliza."

"Kaka," mke wangu akasema taratibu, "mwewe yule pale. Akichukua hata mmoja, kwangu usije kula."

Funguo zikalia. Lango likakwaruza ardhi, vifaranga wakapita katikati ya buti zake, wa mwisho akanasa kwenye kamba ya kiatu. Shemeji akainama kumnasua. Hapo hapo mwewe akashuka. Tukapiga ukelele sote watatu, akaghairi, akaenda zake.

Wakafika majini! Wakaelea kama waliozaliwa humo.

Kelele zetu zilimtoa jirani, mshona nguo, na ndoo yake.

"Kumbe pamefunguliwa?"

"Kwa bata tu, mama," shemeji akasema.

Jirani akamtazama juu mpaka chini. "Kwak," akasema, akapita.

Nyuma yake akaja mwingine, na mwingine, ndoo kichwani, kila mmoja na kwak yake. Shemeji akavua kofia akaketi chini, anacheka mpaka machozi. Mimi nikaingia majini na viatu vyangu. Mama bata akanijia mbio, shingo mbele, akinifokea niwaache wanawe. Nikarudi kinyumenyume nikimwomba radhi, maji magotini, nacheka kama mwehu.