Kifaru Kilichoonyesha Ubavu

Nilikuwa kantonye kwa miaka thelathini na minne. Kwa wasioijua kazi hiyo, kantonye ni mtu anayetunza kipande cha barabara ya udongo: anazibua mifereji, anajaza mashimo, anabadilisha magogo ya madaraja yanapooza, na mvua ikinyesha anafunga barrière, kile kizuizi cha njiani. Kipande changu kilipita hapa kwetu Kibua, katika Walikale, mashariki mwa Kongo. Ujana wangu niliutumia Goma, mchana nikishika chepe, jioni nikisoma shule ya watu wazima mpaka nikamaliza sekondari. Ndiyo maana naandika haya mwenyewe, bila kumwomba mwalimu yeyote anisahihishie.

Mwaka mmoja vita vilikata barabara ya Masisi. Mwanetu wa mwisho, Trésor, mwenye miaka ishirini na sita, alikuwa ameenda na lori kuchukua maharagwe. Lori lilichukuliwa na watu wenye silaha, yeye akakimbia kwa miguu na wakimbizi wengine, akafika Kashuga, akabaki huko kambini. Mnara wa simu wa upande ule ulikuwa umeanguka. Pia simu yake ilikuwa imeingia maji alipovuka mto. Kioo kilifanya kazi, lakini sehemu ya kusemea ilikufa. Hapo Kashuga palikuwa na duka moja lenye mtandao wa setilaiti, na watu waliketi nje ya duka hilo kwa zamu. Sisi Kibua tulikuwa na duka la Virginie, mama mfanyabiashara aliyetoka Butembo, ambaye naye alikuwa ameweka mtandao wa namna hiyo juu ya bati lake.

Trésor ndiye aliyebuni njia. Alinipa maelekezo kwa maandishi kupitia mtandao huo, Virginie akanisaidia kuweka ndani ya simu yangu mchezo wa vita vya vifaru ambao vijana huucheza. Katika mchezo huo, rafiki yako akiingia, taa ndogo ya kijani inawaka kando ya jina lake. Kila siku saa kumi alasiri yeye angeingia, nami ningeingia. Hata tusipopata nafasi ya kuandikiana, ningeona taa, ningejua yuko hai.

Mimi sipendi michezo ya vita. Tulikuwa na vita vya kututosha. Lakini taa ile niliipenda.

Alinichagulia kifaru kidogo chepesi. Chake kilikuwa kikubwa kuliko vyote, kifaru cha Wajerumani kinachoitwa Maus, na Maus kwa lugha yao ni panya. Sikuweza kukaa karibu na kitu bila kujua habari zake, kwa hiyo nilisoma. Nilisoma kwa simu, nikaazima pia kitabu cha Kifaransa kwa paroko, nikaandika katika daftari langu. Wajerumani walitengeneza Maus mbili tu, karibu na mwisho wa vita vyao, ili wazijaribu. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani mia moja themanini na nane. Injini yake haikusukuma minyororo moja kwa moja. Ilizungusha dinamo, na umeme wa dinamo ndio uliozungusha minyororo. Havikuwahi kuonekana vikipigana. Walipoona wanashindwa, wenyewe wakakilipua kimoja, na baadaye Warusi wakaunganisha mabaki ya vyote viwili, wakapata kimoja, ambacho kipo katika nyumba ya makumbusho karibu na Moscow.

Kilichonigusa zaidi, mimi mtu wa barabara, ni habari ya madaraja. Hakuna daraja ambalo wangeweza kuliamini chini ya uzito huo. Basi waliamua Maus ipite chini ya maji, ndani kabisa, ikiwa na bomba refu la hewa. Injini haiwezi kuwaka chini ya maji, kwa hiyo Maus ya pili ingebaki ukingoni ikiipelekea umeme kwa waya, mpaka ya kwanza itoke ng'ambo. Kisha ile iliyovuka ingempelekea umeme mwenzake. Nilisoma ukurasa huo mara nyingi.

Siku yangu ya kwanza mchezoni niliharibu kila kitu. Tulifika kwenye daraja. Trésor akaandika, "Papa, vuka, niko nyuma yako."

Nilisimamisha kifaru changu katikati ya daraja, nikaandika: "Hapana. Daraja hili halibebi tani 188. Rudi."

"Papa, ni mchezo."

"Mchezo una daraja, na daraja lina tani zake. Nani alilipima?"

Tulibishana hivyo, mimi nikiwa nimeziba njia, mpaka maadui wakatumaliza wote wawili. Virginie alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la chumvi.

"Papa Damien," akasema, "hata mu simu unafunga barrière?"

Tangu siku hiyo nilijifunza. Maus ni kizito na hutembea polepole. Kila adui anakiona na kila adui anakipiga. Kazi yake ni kupigwa, ili vifaru vyepesi kama changu vijifiche nyuma yake. Chuma chake cha mbele ni kinene ajabu, lakini ukikielekeza moja kwa moja kwa adui kama gari lililoegeshwa, kitatobolewa. Trésor alikigeuza kidogo kwenye kona ya ukuta, risasi zikateleza na kuruka. Kamwe hakuonyesha ubavu. Aliniandikia kwa Kiswahili cha kwetu, "njo" ikiwa ni "ndiyo": "Papa, mbele yake njo chuma, mu ubavu njo nyama." Nilijificha nyuma ya mwanangu alasiri kwa alasiri, na sioni haya kusema kwamba nilijisikia salama kuliko mahali pengine popote mwaka ule.

Nikitoka dukani nilimkuta mke wangu, Joséphine-Marie, ameketi mlangoni akichambua sombe, yale majani ya muhogo.

"Papa Trésor, taa imewaka?"

"Imewaka. Ameuliza umepika nini, kama kawaida."

"Haya." Naye aliendelea na sombe lake.

Alhamisi moja, Maus ilitoka nyuma ya ukuta ikasimama wazi katikati ya uwanja, ubavu wote nje. Haikumaliza hata dakika mbili. Nilidhani mtandao umekatika. Ijumaa ikawa vilevile, na Jumamosi. Kila siku baada ya kufa kwake niliandikiwa maneno yaleyale: "Niko muzima Papa."

Niliuliza, "Kwa nini unaonyesha ubavu?"

Jibu lilichelewa. "Nimechoka Papa."

Mtu anaweza kuchoka. Lakini miaka thelathini na minne nilisikiliza malori yakija kabla sijayaona, na niliweza kusema, huyu ni fulani, kwa jinsi alivyobadilisha gia kwenye kilima. Mkono wa mtu ni kama uso wake. Huyu aliyekuwa akiendesha Maus hakuwa mwanangu. Na kama simu ya mwanangu iko mikononi mwa mtu mwingine, basi mwanangu yuko wapi? Wakati wa vita simu nyingi huokotwa mifukoni mwa watu wasiozihitaji tena.

"Taa imewaka?" aliuliza mke wangu jioni ile.

"Imewaka," nikasema, na haikuwa uongo.

Jumatatu nilishindwa kujizuia. Niliandika: "Wewe si Trésor. Wewe ni nani?"

Taa ikazimika papo hapo.

Jumanne haikuwaka. Jumatano haikuwaka. Alhamisi nilikaa kwa Virginie kuanzia saa tisa hadi alipofunga duka. Nilijilaumu kama sijawahi kujilaumu maishani. Nilitaka kujionyesha kwamba nina akili, kwamba mimi si mzee wa kudanganywa, nami nikaukata uzi mmoja uliokuwa umetushikamanisha na Kashuga, uwe wa kweli au wa uongo. Na nyumbani, siku zote tatu, nilijibu "Imewaka", na sasa ulikuwa uongo.

Ijumaa niliandika tena, nikifuta na kuandika upya kama mtihani: "Mwanangu, hata kama sikujui. Nisamehe ukali wangu. Sitauliza kitu. Rudi tu saa kumi. Nitakufundisha kusimama."

Saa kumi na robo taa iliwaka.

Maus ilitoka ukutani, ikaonyesha ubavu kama kawaida yake. Safari hii sikujificha nyuma. Nilikimbiza kifaru changu kidogo, nikakisimamisha ubavuni mwake, kati yake na maadui. Chuma changu ni chembamba kama sufuria. Nilipigwa mara moja nikafa, lakini risasi ile haikumpata. Niliandika nikiwa tayari nimekufa: "Sasa rudi nyuma polepole. Geuza pua kuelekea ukuta. Hapo. Basi."

Virginie alikuwa anachungulia juu ya bega langu. "Eh, amesikia," akasema kwa sauti ndogo.

Tulifanya hivyo siku sita. Aliyekuwa upande wa pili alijifunza upesi. Siku ya sita risasi tatu ziliruka kwenye kona ya Maus bila kuidhuru, na vita vilipokwisha, aliandika maneno marefu, kwa vipande vipande, nami naviunganisha hapa:

"Papa, mimi naitwa Natacha. Tulikuwa tunafuga ngombe Ngungu, sasa tuko Kashuga, naleta maziwa kwa wagonjwa ya centre de santé. Trésor iko huku. Walikuwa wanaweka gogo ya daraja, gogo ikamukamata mukono ya kuume. Kidonda kikaoza. Wamemukata vidole tatu. Homa ilikuwa mingi, siku zingine hanijue. Aliniambia, ingia kila siku saa kumi, piga vita, andika niko muzima, baba yangu akikosa taa atakuja na miguu. Papa, nilikuwa naandika hivyo na sikujua kama ni kweli. Ulipouliza nikaogopa. Leo amekula bugali. Njo nakuambia."

Nilisoma, nikampa Virginie asome, kwa sababu miwani yangu ilikuwa imeingia maji.

Alikuwa amenijua vizuri, mwanangu. Kweli ningekwenda kwa miguu, na kati ya Kibua na Kashuga mwaka ule mzee peke yake hangefika. Na kwamba gogo la daraja ndilo lililomkamata, jambo hilo sijui hata leo niliweke wapi. Mimi ndiye niliyemfundisha, tangu akiwa mdogo, kwamba mtu akikuta daraja limevunjika hapiti kando, anashuka, anasaidia.

Nyumbani nilikaa kwenye kiti kidogo karibu na mke wangu. Nilisema, "Mama Trésor, kuna jambo nimekuficha."

"Ya mutoto."

"Ya mtoto."

"Iko hai?"

"Yuko hai. Ni mkono."

Aliweka chini kisu. Nilimweleza yote, pamoja na siku tatu nilizosema uongo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi nilijua kama haiko yeye. Siku ile ya Alhamisi nilijua."

"Ulijuaje? Hujawahi kugusa mchezo."

"Kila siku ulikuwa unaniletea maneno yake. Trésor hawezi maliza kusema bila kuuliza nimepika nini. Tangu alianza kutembea. Wiki mbili hajauliza."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Ulikuwa unakuja hapa na uso ya mutu anabeba mawe, unaniambia imewaka. Ningekuambia nini? Nilikuwa nasema, aache abebe hivyo, akijua na mimi najua ataanguka."

Kuku waliingia, wakatoka. Baadaye alisimama, akafunga kitenge kipya, kile cha kanisani, akasema tunaenda kwa Virginie.

"Saa kumi imepita," nikamwambia. "Atakuwa ametoka."

"Basi umuandikie huyo mutoto wa ngombe, atafute simu yenye inasema."

Ilichukua siku mbili. Natacha alimbembeleza muuguzi mmoja wa kituo cha afya, akimpelekea maziwa asubuhi na jioni, mpaka muuguzi akakubali Trésor apige kwa simu yake, kupitia mtandao wa lile duka, kwa dakika tano. Siku hiyo duka la Virginie lilijaa. Watu walisema wamekuja kununua sabuni, lakini hakuna aliyenunua sabuni. Simu ililia, nikaibonyeza, nikaiweka sikioni.

Kwanza nilisikia pumzi. Kisha: "Papa."

Nilikuwa nimetayarisha maneno, mengine hata kwa Kifaransa. Nilisema, "Trésor."

"Papa, mukono haitashika tena usukani."

Sauti yake ilikuwa nyembamba. Nilielewa kwamba hilo ndilo lililomfanya ajifiche, zaidi ya homa. Ni dereva, na ni mwanangu. Tumeumbwa kwa kiburi kimoja.

"Una vidole vingapi?" nikamwuliza.

"Upande huo, mbili."

"Na upande mwingine?"

"Tano."

"Saba. Nimefanya kazi na watu wenye kumi wasioweza kunyoosha mfereji. Nyumbani pana nafasi yako. Barabara ikifunguka, nitakuja hadi daraja la mwisho la kipande changu, nikungoje hapo."

Nilisikia analia, nami nikamwacha alie, kwa sababu dakika tano ni ndogo, lakini kwa hilo zinatosha.

Mke wangu alininyang'anya simu. Hakumpa pole, wala hakuuliza habari za vidole.

"Trésor. Ni mimi. Leo nimepika sombe na samaki ya kukausha. Umekula nini?"

Kitu kilisemwa upande wa pili.

"Bugali na maziwa? Nani amekupa maziwa? Huyo musichana?" Alisikiliza, akaifunika simu kwa kiganja, akanitazama, kisha akaifunua. "Iko hapo karibu? Muambie aache aibu, asogee. Natacha, mama, habari yako. Kwenu Ngungu, mama yako iko muzima? Naye iko hapo kambini? Vizuri. Papa Trésor anasema sasa unajua kusimama. Utanifundisha na mie, nimechoka kukaa mulangoni."

Virginie alileta kiti, mke wangu akakaa. Nilisimama nyuma yake nikingoja zamu yangu ya pili. Sikuipata.