Bunduki Niliyoigusa

Mume wangu Bonaventure ni mbishi, na sisemi hivi kumsengenya, maana nimemwambia usoni tangu tulipooana naye hucheka tu. Akishaamua kwamba mvua hainyeshi, hata ikimlowesha atasema ni umande. Ndiyo sababu siku aliposhuka mjini Baraka, kando ya ziwa, kununua bunduki, nilisema nakwenda naye. Akadai njia ni ndefu na jua ni kali. Nikamjibu kwamba jua hilo ndilo linalonichoma kila siku shambani, tumeshazoeana.

Kwetu, kwenye njia ya kupanda Fizi, yeye ndiye mwindaji. Si mwindaji wa kujisifu penye pombe. Ni mwindaji wa kuitwa. Nguruwe pori wakiingia katika mihogo ya mtu, mwenye shamba anakuja kwetu mapema, ananikuta nawasha moto, ananiuliza kama baba Albert ameamka. Albert ni kifungua mimba wetu. Kwa miaka mingi baba Albert aliifanya kazi hiyo kwa gobore, ile bunduki ya kushindilia baruti mdomoni, mpaka gobore lilipopasuka likamla vidole viwili vya mkono wa kushoto. Vilivyobaki vilipona vibaya. Vinakunjika lakini havikazi, na kifundo cha mkono nacho kikalegea.

Vidole vilivyokatika watu waliviona, naye akavifanyia mzaha. Lakini ule ulegevu wa mkono alimficha kila mtu, hata mimi ninayelala naye. Akitaka kufungua chupa ya mawese anatoka nayo nje, anaibana kwa magoti nyuma ya nyumba. Nikimwona nageuza uso. Nilimpenda kwa ajili hiyo, na iliniudhi vilevile, yote mawili kwa pamoja.

Sasa Bwana Administrata wa Fizi, mkuu wa serikali kwetu, alikuwa amempa kibali cha bunduki ya kisasa, kwa kuwa nguruwe walizidi na hata pamba ilikuwa inakanyagwa. Kibali cha bunduki moja tu. Ukikosea kuchagua, umekosea. Na Bonaventure alitaka ya pompi na si nyingine. Alimwona agronomu mmoja, bwana shamba wa serikali, akiitumia: anapiga, anavuta mbao iliyo chini ya mtutu, anaisukuma, anapiga tena, na nguruwe watatu wakalala mmoja baada ya mwingine. Tangu hapo hata akila, mikono yake ilikuwa inavuta na kusukuma hewa.

Mimi nikaiangalia ile mikono. Unaovuta ni wa kushoto.

Watu wasiowajua nguruwe hudhani mnyama akijeruhiwa hukimbia. Dume halikimbii. Linakurudia, na kama risasi ya pili haijawa tayari, meno yake yanakukuta kwenye paja. Nimewahi kumwona mtu aliyekutwa hivyo, akaletwa amefunikwa mkeka. Kwa hiyo wakati wote tukishuka, mume wangu akipiga mluzi mbele, mimi nilikuwa na wazo moja kichwani: bunduki ambayo mkono huu hauwezi kuivuta itaniua mume.

Ningemwambia tu, utasema. Ningemwambia, kama nyuma yetu asingekuwepo Raphaël, mdogo wake. Raphaël ni mtu mwema, ana moyo wa kutoa, lakini kinywa chake hakina mlango. Neno ukilisema mbele yake Baraka, litafika nyumbani kabla yako. Na mwindaji akishasemwa kwamba hana mkono, hakuna tena atakayekuja kuuliza kama ameamka.

Duka lilikuwa la Mgiriki mmoja, ila aliyeuza alikuwa Nasoro, mtu wa palepale ziwani, mnene, mwenye kofia safi na maneno matamu. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na harufu ya dagaa waliokaushwa ilikuwa imejaa ndani mpaka kwenye vitambaa.

"Karibu, muzee. Karibu, mama," alisema. "Bunduki ya midomo mbili zimeisha, labda meli ingine. Lakini ya pompi iko, mupya kabisa, hata mafuta yake ingali."

Akaishusha ukutani. Kwa kweli ilikuwa nzuri, nyeusi tii, inang'aa. Nasoro alikuwa na kartushi, yaani risasi, za kujaribia, alizozitoa baruti akazijaza mchanga. Akazitia, akavuta kwa lile bega lake la kubebea magunia: kra, kra. Kartushi zikaruka moja moja na kubingirika sakafuni. Macho ya mume wangu yakawa ya siku ya arusi yetu. Sitanii, nayakumbuka.

Akaichukua, akaiweka begani, akavuta. Ya kwanza ikatoka. Akavuta tena, na mbao ikafika katikati ikagoma. Kartushi ikalala kimshazari kooni mwa bunduki, haiingii wala haitoki. Nasoro akaichokoa kwa kidole. Mara ya pili ikawa vilevile. Nikaona mshipa wa shingo ya mume wangu umesimama na jasho linamtoka, na kifundo kile kinapinda kidogo tu, kiasi cha kuonwa na mke.

"Ni mafuta," akasema. "Ni mupya, ingali ngumu. Mi nitaizoeza."

"Kila kintu ya mupya iko ngumu, yaya," Raphaël akadakia; yaya ndivyo amwitavyo kaka yake. "Hata viatu. Beba tu, bantu bote batashangaa."

Nikasema, "Baba Albert, mi naona tupumuzike kwanza. Tutarudia jua ikipoa."

"Tupumuzike juu ya nini? Mi sijachoka."

Sijachoka! Shati limemganda mgongoni. Tayari alikuwa amelaza bunduki juu ya meza na kuanza kufungua kile kitambaa alichofungia kibali. Hapo nikajua muda wangu umekwisha, na maneno hayatafaa kitu.

Kwetu mwanamke hagusi bunduki ya mwindaji. Si sheria ya Wazungu, ni yetu, na ni ya zamani. Anaweza kuchuna nyama iliyouawa nayo, anaweza kuila, lakini akiitia mkono, bunduki imekufa: itapiga majani, itapiga mawe, au itampasukia mwenyewe. Tangu niolewe nilikuwa nafagia kuizunguka bunduki ya mume wangu kama inayototoa mayai.

Nikanyoosha mkono wangu wa kuume, nikauweka juu ya ile mpya, mtutuni, na vidole vyote vitano. Nikauacha hapo.

Raphaël, shemeji yangu, alipiga kelele. "Mulamu! Umefanya nini?"

"Nilikuwa naangalia kama iko baridi," nikasema. Ulikuwa uongo wa kijinga, lakini ndio uliokuja.

Bonaventure aliuangalia mkono wangu, kisha akaniangalia mimi, na sikuweza kujua kilichokuwa kichwani mwake. Akafunga kitambaa chake polepole.

"Basi," akasema. "Ile imeisha."

"Imeisha namna gani?" Nasoro akaja juu. Watu wa ziwani hawana mwiko huo. "Mama amegusa tu, hakuivunja! Bunduki ni chuma!"

"Kwenu ni chuma," Raphaël akamjibu. "Kwetu ni mambo mingine."

Nasoro akaguna, akaipangusa alama za vidole vyangu kwa kitambaa, akairudisha ukutani akisema kwamba bahati yake Wazungu hawaulizi nani kagusa. Lakini mfanyabiashara hamwachi mteja atoke mikono mitupu. Akaingia chumba cha nyuma, akarudi na kitu kimeviringishwa katika gunia la kahawa.

"Hii si mupya. Sikutaka kukuonyesha, juu ya sababu we ulitaka ya kung'aa. Jaribu tu."

Rangi yake ilikuwa imefifia, na kitako kilikuwa na mikwaruzo. Nasoro akabonyeza kidude cha chini, akaielekeza juu, na ile mbao ikateremka yenyewe, taratibu, hakuna aliyeivuta. Ilikuwa imevutwa miaka mingi mpaka chuma kimesahau ukaidi. Nikajisemea, Mungu wangu, hiyo.

Mume wangu akatia zile kartushi za mchanga, akaiweka begani, akavuta. Ikatoka. Akavuta, ikatoka. Akavuta, ikatoka. Sakafu ikajaa kartushi na hakuna hata moja iliyokwama. Akazitia upya, akarudia haraka zaidi, akacheka peke yake.

Sasa akaikagua kama anayenunua ng'ombe. Akaifungua, akaelekeza mtutu kwenye mwanga wa mlango wa nyuma, akachungulia ndani kutafuta vishimo vya kutu. Akapitisha ukucha nje, kama kuna pahali pamebonyea. Akapekua kitako kutafuta ufa. Akaifunga, akaitega, akajaribu kuivuta kwa nguvu bila kufyatua, nayo ikakataa kufunguka, ndivyo inavyotakiwa. Mbao ilikuwa inachezacheza kidogo, Raphaël akaonyesha.

"Acha icheze," Bonaventure akasema. "Inacheza juu imefanya kazi. Bwana Nasoro, ilikuwa ya nani? Muwindaji gani alitunza kintu namna hii?"

"Ya Madame Constance," Nasoro akasema kwa fahari. "Ule mujane wa shamba ya kahawa, kule juu. Anarudi kwao. Kila asubuhi alikuwa anapigia nyani palepale kwenye baraza. Bwana yake hata hakuigusaka, alikuwa anaogopa makelele. Hii bunduki haijajua mukono ya mwanaume, njo maana iko safi hivi."

Nilitaka sakafu inimeze.

Raphaël aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Yaya, iweke chini! Ile ingine ni kuguswa mara moja. Hii ni mwanamuke miaka yote! Iweke!"

Na alisema kweli, hilo ndilo lililoniumiza. Mwiko nilioutumia kuiua bunduki mbaya ulikuwa umesimama sasa mbele ya bunduki nzuri. Kama moja imekufa, na nyingine imekufa zaidi. Nilimwona mume wangu akirudi nyumbani mikono mitupu, au, vibaya zaidi, akisema kwamba kama zote mbili zimeguswa basi heri ile ya kung'aa.

Bonaventure hakuiweka chini. Aliishika kwa mkono wa kulia, na ule wa kushoto akaulaza mezani, kiganja juu, vidole vitatu na makovu, mbele ya Nasoro na mbele ya mdogo wake.

"Raphaël, angalia hapa. Nishike mukono. Nishike kabisa. Sasa mi nakaza. Unasikia nguvu?"

Raphaël akaushika. Uso wake ukabadilika. Akaukaza tena, kisha akaulaza mezani taratibu.

"Ile mupya haikukufa juu muke yangu aliigusa," mume wangu akasema. "Ilikuwa imekufa zamani, juu mukono yangu haiwezi kuivuta. Muke yangu alijua. Aliona heri mi nimukasirikie yeye, kuliko we ujue mambo yangu." Akanigeukia. "Si njo vile, mama Albert?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Machozi yalikuwa yanashuka na sikuyafuta, maana nilikuwa nimechoka kugeuza uso.

"Na nyumbani niseme nini?" Raphaël akauliza, kwa sauti ndogo.

"Sema yote. Batakaokuja, bakuje. Mi nitaenda na hii, juu hii inanifaa."

Mume wangu akatoa kibali, akalipa, na Nasoro akaanza kuifunga tena katika gunia. Bonaventure akamzuia, akaichukua, akaninyooshea mimi, kwa mikono miwili.

"Shika."

Nikarudi nyuma. Kwa maana ile ya kwanza niliigusa bila woga, nilitaka ife. Hii nilitaka iishi. Nilitaka irushe kartushi zake mbele ya dume lolote katika mihogo yote ya Fizi na inirudishie mtu wangu mzima. Na mimi, pamoja na ujanja wangu wote, mwiko ule nauamini. Nimeuamini tangu utoto na ninauamini hata sasa. Nikaificha mikono yangu katika kitenge.

"Hapana, baba Albert. Usinitume hiyo."

"Mi pia naogopa," akasema, kwa sauti ya chini, si ya kusikilizwa na wengine. "Naogopa sana. Lakini kama ni ya kufa, ife hapa Baraka, si mbele ya nguruwe. Na kama haikufa na mukono yako, basi hakuna kintu kitaiua. Shika, mama."

Nikaishika. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, na mbao yake ilikuwa na joto la kiganja chake. Raphaël akatutangulia kufungua mlango, nami nikatoka nayo kifuani kwenye barabara ya Baraka, kati ya watu wote, mume wangu akitembea pembeni yangu, na mpaka tunafika kwenye lori la pamba la kuturudisha nyumbani hakuniomba nimrudishie.