Shangazi na Vijiti vya Mkojo

Usimamizi ulimwangukia kijana kwa sababu moja tu: kati ya watu wote wa maabara, yeye peke yake alikuwa na diploma pamoja na ile kozi ya nyongeza inayotakiwa. Busara haikuulizwa. Wakamtundikia beji shingoni, wakamkabidhi vipimo vyote vinavyofanyika nje ya maabara, wodini na kliniki, na watu wanaovifanya. Kila mwaka ilibidi awakague: anakaa, anatazama, hasemi neno, kisha anatia saini kwamba huyu anaweza au hawezi. Asiyeweza hagusi kipimo tena.

Na mmoja wao alikuwa shangazi yake, muuguzi wa kliniki ya wajawazito, aliyemlea tangu hajaota meno.

"Karibu, Bwana Mkubwa," Shangazi alimpokea, akimfutia kiti ambacho hakikuwa na vumbi. "Juzi tu nakufuta kamasi, leo umekuja kunikagua."

"Hata leo zipo, Shangazi." Kijana aligusa barakoa yake. "Nina mafua."

"Ivue basi, sikuoni vizuri."

"Niwaambukize wajawazito wako?"

Shangazi aliikodolea barakoa macho, kisha akavuta kiti chake.

Kijana alipanga mezani vikombe alivyoviandaa mwenyewe: kimoja cha mkojo safi, kingine cha mkojo wenye protini kidogo, cha mwisho cha wenye protini tele. Haukuwa mchezo. Mjamzito mwenye protini nyingi akiambiwa yuko salama, anaweza kushikwa na kifafa cha mimba kabla hajafika nyumbani.

Shangazi alichovya kijiti cha kupimia, akasubiri kibadilike rangi, akakilinganisha na rangi zilizochapwa ubavuni mwa kopo la vijiti. Lakini macho yake hayakuwa kwenye kopo. Yalikuwa kwa kijana.

"Hii ni... safi?" alisema, taratibu, kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye kitasa cha jirani.

Kijana aliinamia fomu yake.

"Au protini ipo kidogo?"

Hapo kijana akaelewa. Mwaka jana Shangazi alipata vyote, na kijana akatamba maabara nzima kwamba shangazi yake ni moto. Mwaka jana hakuwa na barakoa. Tangu utotoni midomo yake ilikuwa inamchongea. Akiiba sukari, hata kabla hajaulizwa, Shangazi ameshamaliza kumsoma. Kumbe mwaka jana hakusoma kijiti. Alimsoma yeye.

"Shangazi, macho yako..."

"Yana nini? Mimi nimepima mikojo wewe hujajua kulenga choo!"

Kijana alicheka. Kijiti cha mwisho kilikuwa kijani kama jani bichi, rangi ya protini tele. Shangazi alikigeuza huku na huku dirishani.

"Safi," alisema. Safari hii hakuuliza.

Kijana alitoka hadi koridoni, akampigia simu mkuu wa maabara.

"Mkuu, naomba mtu mwingine amkague. Huyu ni shangazi yangu."

"Mwingine nani? Mwenye sifa ni wewe tu."

"Ana mtoto wa jicho, nadhani. Akitibiwa?"

"Akitibiwa utamkagua upya. Leo andika ulichokiona."

Simu ikakatwa. Kijana aliitazama kama vile ingebadili mawazo.

Aliporudi, Shangazi alikuwa amesimama. Alimshushia barakoa kwa kidole kimoja, kama alivyokuwa akimkagua meno zamani, akausogelea uso wake hadi pumzi zao zikakutana. Midomo ya kijana ilitetemeka. Aliibana. Haikusaidia.

"Aa," Shangazi alisema. "Basi."

Mlango ukafunguliwa. Mjamzito mmoja alichungulia, kikombe mkononi.

"Nesi, hiki nikiweke wapi?"

Mkono wa Shangazi ulinyooka wenyewe kwa mazoea, ukaishia hewani. Kijana alishika kalamu yake na kuvuta kamasi.

"Mpe huyu," Shangazi alisema, akiuingiza mkono mfukoni. "Mwanangu anaona vizuri."