Kifaa cha Kupandia, Kimoja

Asubuhi moja ya mwaka 1953, Bwana Hilal, wakala wa bima, aliketi nyumbani kwa Leodegar, Temeke, kwenye kiti pekee chenye mgongo, akaorodhesha vifaa. Misumeno miwili. Mashoka matatu. Ngazi ya mninga. Kamba ya katani, futi mia. Kazi ya Leodegar ilikuwa kupunguza matawi ya mivinje na mikungu kwenye nyumba za Wazungu, na kila kifaa alikipaka mafuta kabla hakijaandikwa, kama mzazi anayewapeleka watoto kupigwa picha.

"Na mwenyewe je?" aliuliza Jovina, mkewe. "Mwaka jana kaka yangu Ansbert alianguka pamoja na msumeno wake. Msumeno ulilipwa. Watoto wa Ansbert wanakula kwangu."

"Mama Kokuberwa, kampuni haimkatii bima Mwafrika anayepanda miti," alisema Hilal, na aibu ilionekana usoni mwake. "Mie ni wa kuandika tu."

"Basi andika. Si ndiye anayeibeba hiyo misumeno? Muweke hapo chini ya kamba."

Hilal alikuwa mtu wa huruma, na huruma yake yote ilikuwa kwenye kalamu. Akaandika: kifaa cha kupandia, kimoja, kizima. Akapiga muhuri.

Kesho yake Leodegar aliamka na namba ya shaba chini ya kisogo. Haikumuuma. Jioni hakutaka ndizi wala maharage. Aliomba mafuta kidogo ya magoti, kisha akajitundika msumarini kwa ukosi wa shati, kati ya shoka na kamba, akalala vizuri. Jovina akamshonea shati lenye ukosi imara zaidi. Mwezi wa nne alikuja mkaguzi, akamgongagonga kifuani kwa kidole, akampunguzia thamani kwa sababu ya uchakavu. Alipovunjika mguu, kampuni ilimleta seremala, na mguu ukapona kwa gundi. Jovina alifurahi, tusifiche. Hakuna mke wa mpanda miti Temeke nzima aliyelala usingizi kama wake.

Mwezi wa nane tawi la mvinje lilikatika, Leodegar akaja nalo chini. Seremala alimtazama kwa muda mrefu, akafunga kisanduku chake cha zana. Wakampakia kwenye mkokoteni, wakaondoka naye.

Kampuni haikuchelewa. Siku ya tatu mkokoteni ulirudi na sanduku la mbao, na ndani yake, katikati ya majani makavu, mlikuwa na Leodegar mwingine, mpya, ananukia vanishi. Urefu uleule, mikono ileile. Alimwamkia Jovina kwa adabu, akauliza misumeno iko wapi. Jina la binti yake hakulijua.

Hilal alileta karatasi ya kupokelea. Jovina akatia sahihi.

"Sasa nipeni yule wangu nikamzike," alisema. "Sisi kwetu Bukoba mtu huzikwa kwenye kibanja chake, migombani."

Hilal akafungua hati, akasoma, akasoma tena. Machozi yalimtoka, lakini hakukosea neno.

"Kifaa kibovu kikishabadilishwa ni mali ya kampuni. Yuko ghalani, Mama Kokuberwa, pamoja na vyuma. Wanangoja shehena itimie, wauze."

Majirani walikuja na mikeka ya matanga, wakafika uani wakamkuta marehemu amechuchumaa, ananoa msumeno kwa tupa. Apolonia, ambaye mumewe naye alikuwa mpanda miti, akauliza kwa sauti ya chini kama walie au wasilie. Jovina alisema hajui. Uchungu alikuwa nao, ila hakuwa na kaburi la kuupelekea. Basi wakatandika mikeka wakaketi, na yule mpya akawaomba radhi, wasogee kidogo apate mwanga.

Hilal alipoaga, Apolonia alimsindikiza mpaka barabarani. Alimwuliza, kama si usumbufu, siku gani angeweza kupita na kwake.