Vidole Vitatu vya Lasim

Chai ilimwagikia vidole vya Lasim, naye akaendelea kutafuna samaki wake kama mgeni rasmi. Aliyeruka ni bintiye, Saniah.

"Baba, umeungua."

"Chai yenyewe imepoa."

Saniah akaigusa birika, akauondoa mkono upesi. Akamtazama mumewe, Dulmat, aliyekuwa uani akikagua ngazi ya henzerani, kisha akamtazama baba yake kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

Kwa miaka thelathini Lasim alikuwa mshika kamba katika pango la viota vya mbayuwayu, vile vinavyoliwa na kuuzwa ghali. Mpandaji hupata sifa. Mshika kamba hupata kinyesi cha popo kichwani. Kamba hutoka kiunoni mwa mpandaji, hupita juu ya boriti karibu na dari, na kuteremka hadi mikononi mwa mshikaji, ambaye huisoma kwa viganja: sasa anapumzika, sasa ananyoosha mkono, sasa mguu unatafuta pa kukanyaga. Tangu mvua zilipokatika, vidole vitatu vya mkono wa kulia wa Lasim vilikuwa vimekufa ganzi. Alivifanyia uchunguzi kamili, kwa mwiba, kwa siafu, kwa kiberiti. Matokeo alimficha kila mtu.

Dulmat alikuwa amekataa kupanda na mshikaji mwingine. "Wengine wanashika kamba," aliwaambia watu. "Mzee ananishika mimi."

Lasim alikusudia kumwambia njiani. Lakini njiani walikuwepo wenzao, wakilijadili tumbo la Dulmat kwa uzito wa kikao cha wazee. Mmoja alidai leo ngazi itaomba likizo ya ugonjwa. Lasim akacheka nao, na kicheko hicho kikamfikisha mlangoni mwa pango. Ndani hakuna anayetaja kuanguka, wala kuumwa, wala kamba. Kamba huitwa mkia. Hofu haina jina lolote. Mtu aliwahi kutolewa nje kwa kusema amechoka, na msimu mzima hakuruhusiwa kurudi.

Basi Lasim akasimama kwenye giza, mende wakimpanda miguuni, na ulimi wake umefungwa.

"Mkia upo, baba?" Dulmat aliuliza, mguu ukiwa kwenye kipandio cha kwanza.

"Upo."

Taa ya Dulmat ikapanda, ikawa ndogo kama kimulimuli, juu kuliko minazi minne iliyosimama mmoja juu ya mwingine. Lasim alisubiri kamba imwambie kitu. Mkono wa kushoto ulisikia kidogo. Wa kulia ulikuwa kama mkono wa jirani. Akajikuta akivitazama vidole vyake kwa macho, kama mtu anayelinda wezi.

Akapiga hatua hadi kwenye nguzo ya mti iliyochimbiwa ardhini. Akaizungushia kamba mara mbili, kisha akaipitisha kiunoni mwake, akafunga.

Mazungumzo yote yakakatika. Wanaojifunga ni wanagenzi, tena siku ya kwanza. Jumat, mshikaji wa ngazi ya pili, rika lake, akasogea.

"Lasim, unacheza?"

"Naendelea na kazi."

"Mbele ya watu wote hawa?"

Lasim akalikaza fundo. Juu kitu kilikatika, sauti ndogo kama ya ukuni mkavu, na kimulimuli kikashuka.

Kamba ilipita katika vidole vitatu bila kuviarifu. Aliona damu kabla ya kujua lolote. Kisha kiuno kikavutwa, magoti yakaburutwa kwenye mavi ya popo, nguzo ikalia, na kila kitu kikasimama. Huko juu taa ilibembea, huku na huku. Hakuna aliyepiga kelele; pango lina sheria zake. Lasim alihesabu pumzi kumi na moja kabla mguu wa Dulmat haujakipata tena kipandio.

Dulmat alishuka na kikapu chake. Akalitazama fundo kiunoni mwa mkwewe, akalifungua mwenyewe, polepole, na wakatembea hadi mlangoni, mahali ambapo maneno yote huruhusiwa.

"Nipe mkono, baba."

Lasim akautoa. Dulmat akapangusa damu kwa shati, akakishika kidole cha kati, akakibana kwa nguvu zake zote, huku macho yakiwa usoni mwa mzee.

Lasim aliutazama mto chini ya mwamba, akisubiri.

"Haya," alisema hatimaye. "Si uanze?"

Dulmat hakukiachia kile kidole.